Ukuta wa Bafu na Dipoziti ya Mpangaji

Katika makato anayoandikiwa mpangaji wa Nairobi anapohama, rangi haikosekani. Kitasa kilicholegea na balbu iliyoungua ni vijisenti. Rangi ndiyo humeza dipoziti, na bafu ndicho chumba kinachotolewa ushahidi. Dari ina madoa meusi, ukuta ulio juu ya vigae umefura malengelenge, magamba ya rangi yanadondokea kwenye sinki. Keateka anapiga picha, ajenti anatuma bili, fundi anafika na kopo la lita 4, na kwa siku moja au mbili ukuta unang'aa. Mpangaji mpya anapokelewa na harufu ya rangi mbichi, ambayo sijui ni lini tulikubaliana kuwa ni harufu ya usafi. Mvua za Aprili zikikolea, malengelenge yanarudi palepale yalipokuwa. Ninavyoona mimi, rangi ya bafu la Nairobi mara nyingi haiuawi na ubovu wa rangi wala na uzembe wa mpangaji. Inauawa na kazi inayofanywa kinyumenyume, ya mwisho ikitangulia ya kwanza, na hufanywa hivyo kwa sababu utaratibu wetu wa kupangisha nyumba unamlipa kila mtu ili aharakishe na haumlipi yeyote ili angoje ukuta ukauke.

Tuanze na maji, kwa kuwa bila maji hakuna kesi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hutanda siku nzima na kuta za mawe hubaki baridi hata mchana. Nyumba zetu hazina mitambo ya kupasha joto. Chanzo kikubwa cha joto katika fleti nyingi, ukiondoa jiko, ni shawa ya instanti, ile hita ndogo ya umeme inayofungwa juu ya kichwa cha mtu anayeoga. Hewa yenye joto la nyuzi 25 iliyoshiba mvuke hubeba takribani gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikigusa ukuta wenye nyuzi 15, uwezo wake unashuka hadi gramu 13 hivi, na zile 10 zinazobaki hazina pa kwenda ila juu ya rangi. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye urefu wa mita 2.4, lina kama mita 7 za ujazo, kwa hiyo hewa ikijaa mara moja tu na kupoa inaacha gramu 70 za maji kwenye kuta na dari. Lakini shawa haitoi mvuke mara moja. Inaendelea kuutoa dakika zote ambazo mtu anaoga, na katika nyumba ya watu wanne ukuta hupigwa umande mara nne kabla ya saa mbili asubuhi. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo. Unyevu wa kila siku, vumbi, utando wa sabuni na viambato vya rangi yenyewe vinatosha kuilisha. Ndiyo maana madoa meusi huanzia kwenye kona za dari, mahali ambapo hewa haisogei na saruji ni baridi kuliko kwingine.

Hayo ni maji ya mbele. Yapo ya nyuma, na hayo ndiyo hayaonekani kwenye picha ya keateka. Sehemu kubwa ya Nairobi imejengwa kwa mawe ya kukatwa kwa mashine, yanayoletwa na malori kutoka machimbo ya Ndarugo upande wa Juja na kwingineko pembezoni mwa jiji. Ni mawe yaliyotokana na majivu ya volkano: mepesi, rahisi kuchonga, na yenye vinyweleo vinavyofyonza maji. Paipu ya shawa ikivuja ndani ya ukuta, au grauti ya vigae ikipasuka, au slabu ya jirani wa juu ikiwa haikuwekewa kizuizi cha maji kabla ya kutandikwa vigae, jiwe linayanywa maji na kuyasafirisha polepole hadi yapate mlango wa kutokea. Mara nyingi mlango huo hauko bafuni. Bafu lina vigae, kwa hiyo maji hutafuta upande wa pili, na mtu hushangaa kuona rangi ikibambuka chumbani, nyuma ya kitanda, kwa urefu uleule wa bomba la shawa. Maji yanapofika kwenye uso wa plasta na kukauka, huacha chumvi yaliyoiyeyusha ndani ya saruji na jiwe. Chumvi hiyo inapoganda chini ya rangi huisukuma kutoka ndani. Ule unga mweupe unaobaki vidoleni baada ya kugusa ukuta ni dalili kwamba tatizo liko nyuma ya rangi, na kwamba hakuna kopo la dukani litakaloushinda msukumo huo.

Kwa nini mabafu ya sasa yanaumwa zaidi kuliko yale ya zamani? Sehemu ya jibu ni matundu. Ukiziangalia nyumba za zamani za Kileleshwa, Kilimani na Lavington, zile bangalo na nyumba za watumishi wa serikali ambazo bado hazijabomolewa, utaona juu ya kila dirisha tundu la kudumu la hewa lililofunikwa kwa wavu wa mbu. Halifungiki, na hilo ndilo lengo lake. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 zilitokana na mkondo wa Uingereza na zilishikilia sana suala la hewa vyumbani, hata pale wakazi walipolalamikia baridi na kuyaziba matundu kwa magazeti. Kisha ploti moja ya bangalo ikageuka kuwa ghorofa la fleti nyingi. Ili kila sebule ipate dirisha la barabarani, bafu lilisukumwa katikati ya jengo, na dirisha lake, kama lipo, linatazama shimo jembamba la mabomba linalopanda kutoka chini hadi paa. Shimo hilo linapokea mvuke wa mabafu ya ghorofa zote. Hewa inayotoka kwako inakutana na ya jirani, zote zikiwa zimeshiba. Feni ya kutoa hewa ingesaidia, lakini mahali pengi imechorwa kwenye ramani na haikuwahi kufungwa, au imefungwa na kuunganishwa na swichi ya taa, hivyo inazimika mtu anapotoka, wakati mvuke ndio kwanza umeanza kugeuka maji. Katikati ya jiji hali ni kali zaidi. Majengo ya River Road na mitaa inayoizunguka yamegawanywa mara nyingi, chumba kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne, na bafu likawekwa palipobaki nafasi, bila ukuta wowote unaogusa nje.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe, maana hapa ndipo ushauri mwingi wa dukani unapopotea. Muuzaji wa hadiwea akisikia neno bafu anatoa rangi ya mafuta, glosi, kwa hoja kwamba haipenyezi maji. Ni kweli haipenyezi. Maji yakiwa yanatoka mbele tu, na plasta ikiwa imekauka kabisa, glosi au vinili ya silki hufanya kazi nzuri, na hupanguswa kwa kitambaa bila kuchubuka. Lakini ukuta wenye maji nyuma ukipakwa glosi, njia pekee ya unyevu kutoka imezibwa, na unyevu hautulii kwa sababu umezibiwa. Unainua ngozi ya rangi na kuifanya malengelenge. Halafu kuna kemia ambayo fundi mzee anaijua hata kama hajaisomea. Plasta mpya ya saruji ina ukali wa alikali, pH ya 12 au 13. Mafuta yaliyomo katika glosi yakikutana na ukali huo penye unyevu yanageuka sabuni, kwa njia ileile ambayo sabuni ya kipande hutengenezwa kiwandani. Ukuta uliopakwa glosi wiki mbili baada ya kupigwa plasta, ukawa unanata na kuteleza, umekuwa sabuni kwa maana halisi ya neno. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kuacha plasta wiki nne hivi, na zaidi katika Julai, kabla ya kuiwekea rangi ya kwanza inayostahimili alikali. Upande wa pili kuna skimu ya jipsamu, ambayo sebuleni hutoa ukuta laini kama karatasi. Bafuni jipsamu hulegea kila inapolowa, na rangi iliyo juu yake huanguka pamoja nayo. Mahali pa maji panataka skimu ya saruji nyeupe, au plasta iliyosuguliwa vizuri bila skimu yoyote.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya Nairobi kuwako. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Ukuta unalowa msimu wa mvua na kukauka msimu wa jua, bila kubambuka kwa kishindo. Balaa lilianza pale kuta hizo zilipokarabatiwa kwa saruji ngumu na kupakwa rangi za plastiki. Unyevu ulifungiwa ndani, chumvi ya bahari ikafanya kazi yake, na plasta ikaanguka ikibeba uso wa jiwe. Wahifadhi wa miji hiyo miwili, ambayo iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Zanzibar tangu 2000 na Lamu tangu 2001, wamehimiza kurudi kwenye chokaa kwa sababu hiyo. Sisemi Kilimani ipake chokaa mabafuni. Jiwe letu ni tofauti na shawa zetu ni tofauti. Ninachosema ni kwamba swali la kwanza kuhusu ukuta wenye unyevu ni wapi maji yatatokea, na rangi huchaguliwa kulingana na jibu la swali hilo.

Wapo watakaosema kwamba ninaizunguka shida iliyo wazi, yaani rangi mbovu. Rangi ghushi ipo, na fundi anayeongeza maji kwenye emalshani ili kopo moja lifanye kazi ya mawili yupo pia. Lita moja ya emalshani nzuri hufunika mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja. Fundi akikuambia kopo la lita 4 litatosha kuta zote za nyumba ya vyumba viwili, mikono miwili, jua kwamba hesabu yake ina maji ndani. Rangi iliyozimuliwa kupita kiasi huacha unga ukutani na huoshwa na umande wa kwanza. Hata hivyo angalia jinsi uharibifu unavyokaa. Rangi mbovu huharibika nyumba nzima, kidogo kidogo, kila mahali ilipopakwa. Rangi inayobambuka bafuni peke yake, juu ya mstari wa vigae, au katika umbo la doa lenye ukingo wa rangi ya chai, huku ileile ya sebuleni ikiwa salama miaka mitano, inaeleza habari za ukuta. Kiwanda kilekile, kopo lilelile, fundi yuleyule. Kilichobadilika ni maji.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa uchunguzi, na uchunguzi wenyewe ni wa bei ya karatasi ya nailoni. Bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, pande zote nne kwa utepe wa gundi, ukiache siku nzima bila kuoga humo. Matone yakijikusanya chini ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakikaa juu yake, ni umande wa hewa. Gonga plasta kwa mpini wa bisibisi: panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na jiwe na lazima ing'olewe. Ikiwa maji yanatoka ukutani, anayetakiwa kwanza ni fundi wa mabomba, na fundi wa rangi asubiri. Ikiwa ni umande, pesa ya kwanza iende kwenye feni inayoendelea kuzunguka baada ya taa kuzimwa, au kwenye dirisha linalofunguka kweli. Baada ya hapo ndipo rangi iliyolegea inakwanguliwa hadi pale inapogoma kutoka. Kuvu husafishwa kwa dawa ya klorini, ile ambayo jiji zima huiita Jik, ikiwa imezimuliwa, dirisha likiwa wazi, na isichanganywe kamwe na dawa kali za choo zenye asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Chumvi husuguliwa kwa brashi kavu. Kuiosha ni kuirudisha ndani. Mashimo hujazwa kwa mchanganyiko wa saruji, ukuta unaachwa ukauke, msasa unapita, rangi ya kwanza inayoshika, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe, kila mmoja ukiachiwa muda wake. Katika orodha yote hii kupaka rangi ni saa chache tu.

Msasa nao una jambo lake. Katika nyumba za zamani, za serikali na za watu binafsi, tabaka za chini za glosi zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo kwa miaka mingi yalitiwa katika rangi za mafuta kwa ajili ya kung'aa na kukauka haraka. Kenya sasa imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni ya rangi, lakini kikomo hicho hakiwezi kurudi nyuma kuisafisha milango na kuta zilizopakwa miaka ya sabini. Vumbi la rangi hiyo huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo glosi ya zamani hukwanguliwa ikiwa imeloweshwa, fundi akiwa na barakoa na watoto wakiwa hawapo. Fundi anayesugua ukuta mkavu huku mama na mtoto wakila chumba cha pili hana ubaya moyoni. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Ikiwa utaratibu sahihi unajulikana na si ghali mno, mbona haufuatwi? Hapa lazima tutazame pesa. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takribani kaya tisa kati ya kumi jijini Nairobi ni za wapangaji. Maana yake ni kwamba karibu kila bafu lina watu wanne wanaohusika nalo, na hakuna hata mmoja anayefaidika nalo likikauka. Chukua fleti ya kodi ya Sh45,000 kwa mwezi. Kila siku inayokaa tupu inampotezea mwenye nyumba Sh1,500. Ukuta ukihitaji siku kumi za kukauka, hizo ni Sh15,000 ambazo hakuna risiti yake na hazikatwi kwa mtu. Rangi ya juujuu, kwa upande mwingine, inalipwa na dipoziti ya anayehama, na nyumba inaingiwa wiki hiyohiyo. Ajenti analipwa kwa asilimia ya kodi, hivyo siku tupu ni hasara kwake pia. Fundi amepatana bei ya kazi nzima. Akingoja, anangoja kwa njaa yake, na kazi nyingine iliyo Kawangware itachukuliwa na mwenzake. Mpangaji mpya anataka kuhamia tarehe mosi kwa sababu kodi ya kule anakotoka inaisha tarehe 31. Kila mmoja wao anafanya jambo la busara, na jumla ya busara hizo ni malengelenge mwezi wa Aprili. Mwenye nyumba, tena, haoni hasara ya kupaka upya kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa bili inakwenda kwa mtu tofauti kila mara. Kama angekuwa analipa mwenyewe mara tatu mfululizo kwa ukuta uleule, angemwita fundi wa mabomba mara ya pili.

Mwenye nyumba atanijibu, na jibu lake lina uzito. Wapangaji, atasema, hufunga madirisha siku nzima kwa hofu ya wezi na mbu, huanika nguo bafuni, huweka mapipa na mitungi ya maji humo, huoga maji ya moto nusu saa, na hawapangusi ukuta. Yote hayo hutokea. Lakini uliza kila kimoja kinatoka wapi. Mapipa yapo bafuni kwa sababu maji ya bomba huja kwa zamu, na ratiba ya mgao imekuwa sehemu ya maisha ya Nairobi tangu mwanzoni mwa 2017. Nguo huanikwa ndani kwa sababu majengo kadhaa yanakataza kuonyesha nguo kwenye roshani, na kamba za paa hazitoshi fleti arobaini. Dirisha la bafu la ghorofa ya chini halina grili yenye wavu. Na kuoga ni kazi ambayo chumba hicho kilijengewa. Bafu linaloharibiwa na kuogewa lina kasoro ya ujenzi. Upo uharibifu ambao ni wa mpangaji kweli, kama kupigilia misumari kwenye plasta, kuacha bomba likivuja miezi bila kumwambia mtu, au kuziba tundu la hewa kwa makusudi, na huo alipe. Tofauti kati ya makundi haya mawili inaonekana ukutani kwa yeyote anayetaka kuiona.

Sheria yetu inaiona. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 65, inachukulia kwamba mwenye nyumba anayepangisha sehemu ya jengo ameahidi kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, na mifereji mikuu, na kwamba nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni na itabaki hivyo. Kifungu cha 66 kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, ila hakimlazimishi kurekebisha uchakavu unaotokana na matumizi ya kawaida. Rangi ya miaka mitatu iliyofifia ni uchakavu wa kawaida. Tatizo ni mahali pa kulisemea hilo. Baraza la kudhibiti kodi linashughulikia nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho hata Kangemi hukipati kwa urahisi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyofungua milango Milimani mwaka 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya pesa zilizopokewa na kushikiliwa na mtu, lakini wengi huona afadhali kuisamehe Sh20,000 kuliko kuifuata kortini wakati wameshahamia mtaa mwingine.

Uingereza imepitia mjadala huu kwa gharama kubwa. Desemba 2020 mtoto Awaab Ishak, mwenye umri wa miaka miwili, alifariki mjini Rochdale. Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria ulieleza kwamba kifo chake kilisababishwa na kukaa muda mrefu katika fleti yenye kuvu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, na ushauri aliopewa ulikuwa apake rangi juu yake. Wasimamizi wa nyumba walikuwa wameinyoshea kidole namna familia hiyo ilivyoishi na kuoga. Mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria inayowabana wenye nyumba za jamii kushughulikia unyevu ndani ya muda maalumu, na watu huiita kwa jina la mtoto huyo. Hewa ya Nairobi si ya Rochdale, kweli, na madirisha yetu hukaa wazi miezi mingi. Mabafu yanayotazama shimo la mabomba hayajui tofauti hiyo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilihusisha unyevu na kuvu ndani ya nyumba na pumu na matatizo mengine ya kupumua, na watoto wa Kileleshwa hawana mapafu ya aina nyingine.

Pingamizi la mwisho ni la kivitendo: tuweke vigae hadi darini na tuyamalize. Wajenzi wengi wameshafika huko, na kwa maji ya mbele ni dawa nzuri. Ila vigae vinaficha. Grauti yenyewe hupitisha maji, na ukuta uliofunikwa upande mmoja huutoa unyevu wake wote upande wa pili, ambako kuna kabati la nguo. Dari nayo haiwekwi vigae, na kuvu huhamia huko. Inafaa pia kutazama chini zaidi katika ngazi ya kodi, katika ploti za Kangemi na Kawangware ambako vyumba kumi vinashiriki bafu moja uani. Hapo ukuta hupigwa plasta ya saruji, ukasuguliwa kwa nili hadi ukang'aa, na haupakwi kitu. Upande wa juu uko wazi au una pengo chini ya mabati. Ni bafu la baridi na lisilo na faragha ya kutosha, na sitamani mtu yeyote alazimike kulitumia, lakini halina rangi ya kubambuka na linakauka kabla ya saa sita. Fleti ya Kilimani yenye kodi mara kumi ya hapo ingeweza kuazima mambo mawili kutoka uani: plasta isiyohitaji kufunikwa, na pengo la hewa lisilofungika.

Kinachoweza kubadilika bila kusubiri bunge ni mkataba na kalenda. Mkataba unaweza kueleza kwamba makato ya rangi ya bafu hayafanyiki mpaka ukuta upimwe kwa nailoni mbele ya pande zote mbili, na kwamba rangi iliyopita umri fulani, tuseme miaka mitatu, haidaiwi kabisa. Picha za siku ya kuingia ziwe na dari ya bafu na upande wa pili wa ukuta wa shawa, sehemu mbili ambazo karibu hakuna anayezipiga. Na kwa kuwa Januari na Februari ndiyo miezi ya jua kali na hewa kavu Nairobi, tena ndiyo miezi ambayo watu wengi huhama baada ya sikukuu, kazi kubwa ya kung'oa plasta na kuirudishia ipangwe hapo, ukuta upate wiki zake nne kabla ya mvua za Machi. Bafu linaloharibika Julai lisafishwe kuvu, lifungwe feni, liachwe na madoa yake hadi mwaka mpya, na mpangaji anayelikuta hivyo apunguziwe kodi kidogo kwa miezi hiyo. Kwenye fleti ile ya Sh45,000, punguzo la Sh2,000 kwa miezi sita ni Sh12,000, pungufu ya siku kumi za nyumba kukaa tupu.